Chekeche la duara, la mpini au la kopo? Anza na kinachobaki juu

Keki ya akika ndiyo iliyonifundisha kuchagua chekeche. Ilikuwa keki ya maziwa ya mgando kwa mtoto wa jirani, imepanda vizuri bila hata ufa. Shangazi wa mtoto akakata kipande, akauma, akaacha kutafuna. Akakitoa mdomoni taratibu, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akanitazama: "Mwanangu, humu umetia sabuni?" Katikati ya kipande palikuwa na doa la rangi ya kutu, dogo kama punje ya dengu. Bekingi soda iliyoganda. Unga nilikuwa nimeuchekecha mara mbili, tena kwa chekeche jipya. Soda niliitia baadaye kwa kijiko, moja kwa moja kutoka kwenye kopo lake.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue chekeche gani, nami humuuliza: unataka kibaki nini juu? Wadudu? Mabuje ya kakao? Chenga za mchele? Nyuzi za kiroba? Kila jibu lina chekeche lake, na wengi wetu tulinunua kwanza, swali likaja baadaye.

Hapa nalinganisha matatu yanayopatikana kwa urahisi madukani na sokoni: la duara, la mpini, na la kopo. Wengine kuchekecha huita kuchunga unga. Kazi ni ileile.

Chekeche halilainishi unga wa dukani

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalowafanya watu walipie wavu mwembamba wasiouhitaji. Wengi huamini kwamba unga ukipita kwenye matundu madogo unazidi kuwa laini. Unga wa ngano wa kiwandani umeshalainishwa kupita uwezo wa chombo chochote cha jikoni. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinataka asilimia 98 ya unga wa ngano upite kwenye matundu ya maikromita 212, yaani karibu moja ya tano ya milimita. Chekeche la kawaida la nyumbani lina tundu la milimita 0.85 hivi, mara nne ya hapo. Unga unapita wote ukiwa vilevile.

Kinachobadilika ni mpangilio wake. Unga uliokaa kwenye mfuko chini ya mifuko mingine hushindiliwa. Ukiuchekecha unaachana, unaingia hewa, na ukiudondoshea kwenye mayai yaliyopigwa unatawanyika badala ya kuzama kama jiwe. Mabuje yanavunjika. Mdudu, uzi wa kiroba na kipande cha karatasi vinabaki juu. Unga ukikaa saa nzima baada ya hapo, hewa yake inapungua, kwa hiyo uchekeche karibu na muda wa kuutumia.

Unga wa kutwanga nyumbani au wa kusagisha mtaani ni habari nyingine. Hapo chekeche linatenganisha kweli: laini inashuka, chenga zinabaki. Bibi yangu kule Pangani alipotengeneza vileja, aliroweka mchele, akaukausha kivulini mpaka ukabaki na unyevu kidogo, akautwanga, akauchekecha, na chenga zikarudi kinuni. Mara tatu, mara nne. Mimi mtoto nilikuwa nikilitikisa chekeche kwa nguvu zote, unga unaruka hadi kwenye nyusi. "Mjukuu wangu, unafukuza kuku?" Akaninyang'anya, akaligonga ubavuni kwa kiganja, pa, pa, pa, na unga ukashuka kimya katikati ya sinia. Mpaka leo sijaona njia bora ya kulitumia chekeche la duara.

Mambo matano ya kupimia

Matundu ndilo la kwanza, na unaweza kuyahesabu mwenyewe dukani. Chukua futi ya fundi cherehani, ilaze juu ya wavu, washa taa ya simu kwa chini, halafu hesabu matundu yaliyomo ndani ya inchi moja ukifuata mstari mmoja. Ukipata 20, hilo ni namba 20. Namba ikipanda, tundu linashuka: namba 20 ni milimita 0.85 hivi, namba 30 ni 0.6, namba 40 ni 0.4 na ushee, namba 60 ni 0.25. Unene wa waya hubadilisha kidogo, lakini kwa jikoni hesabu hii inatosha. Kwa unga wa ngano tafuta kati ya 20 na 30. Sukari ya aisingi na kakao zinapendeza kwenye 30 hadi 40. Unga wa mchele wa vileja unataka 40. Namba 60 nimewahi kuwa nayo. Nusu kilo ilinichukua muda wa kupika wali mzima, nikaigawa.

La pili ni wingi na kasi: unachekecha vikombe viwili au kilo tano?

La tatu ni mikono na fujo. Je, unaweza kulishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga? Na ukimaliza, meza ikoje?

La nne ni usafi na kutu. Sisi wa pwani tunalijua hili bila kufundishwa. Hewa ina chumvi na unyevu, waya wa kupakwa zinki huanza kuota kutu kwenye maungio kabla hujaona popote pengine. Usitegemee sumaku peke yake kujua kama ni stenlesi, maana zipo stenlesi zinazovutwa na sumaku. Angalia maungio: wavu uliokunjwa na kubanwa vizuri ndani ya pete ya chuma hauachi mwanya, uliobandikwa kwa gundi au uliopigiliwa pini chache huacha kiota cha unga.

La tano ni kazi nyingine za chombo hicho, kwa sababu jiko la mtu mwenye kabati moja halina nafasi ya chombo cha siku moja kwa mwezi.

Bei naziacha. Zinabadilika kila mzigo unaposhuka, na chekeche lilelile Kariakoo lina bei tatu ndani ya mtaa mmoja. Nitasema tu lipi kwa kawaida huwa juu ya lipi.

Chekeche la duara

Hili ni pete ya mbao, bati, plastiki au stenlesi, yenye wavu uliokazwa kama ngozi ya ngoma. Kwenye maduka ya vyombo ya Wahindi utaliona lenye pete moja na nyavu nne za kubadilisha. Wao huliita chalni.

*Matundu.* Hapa ndipo linapowashinda wenzake kwa chaguo. Yapo ya wavu mpana wa kuchekechea unga wa dona na yapo ya wavu mwembamba wa aisingi. Lile la nyavu nne linakupa yote kwa pete moja, ila kabla ya kulipa, badilisha kila wavu mwenyewe pale dukani. Wavu usiokaa sawa huacha mwanya pembeni, na mwanya ule unapitisha mabuje na mdudu bila kipingamizi.

*Wingi na kasi.* Wavu wake ni tambarare, kwa hiyo unga unatandaa na kupita kwa eneo lote. Pete ya sentimita 30 inamaliza kilo moja kabla hujachoka. Usilijaze; theluthi moja ya kina chake inatosha. Anayelijaza mpaka mdomoni anasukuma unga kwa mkono, anautanua wavu, na baada ya miezi michache wavu umelegea kama neti ya goli.

*Mikono na fujo.* Linataka mikono miwili na sinia au beseni pana kuliko lenyewe. Hili ndilo tatizo lake kubwa kwa anayeoka keki moja: bakuli la kupigia mayai mara nyingi ni dogo kuliko pete, na unga wa pembeni unaangukia mezani. Chekechea kwanza juu ya karatasi safi ya kuokea, kisha mimina kwa kuikunja karatasi kama faneli. Gazeti hapana, wino wake hauko mbali na unga wako.

*Usafi na kutu.* La stenlesi huoshwa na kuanikwa, basi. La pete ya mbao ni jepesi na zuri mkononi, lakini mbao ikilowekwa inavimba, ikikauka inaachia wavu. Lipige kisogoni, lipanguse kwa brashi kavu, na ukilazimika kuliosha lianike juani mpaka likauke kabisa.

*Kazi nyingine.* Viazi vya kuponda, papai la kusaga, hata chenga za mkate mkavu za kukaangia samaki, vyote vinapita kwenye wavu uliokazwa ukisukuma kwa mgongo wa kijiko kipana.

*Linamfaa nani.* Mwenye kuuza. Anayekanda maandazi ya kilo tatu alfajiri, anayetengeneza vileja na visheti vya Idd, anayesagisha unga wake mwenyewe. Bei yake inaanzia chini kabisa kwa la plastiki na kupanda hadi juu kwa la stenlesi zito.

Chekeche la mpini

Ni lile lenye umbo la bakuli dogo la wavu na mpini, mara nyingi na masikio mawili ya kuegemea ukingo wa bakuli. Wengi wetu tunalo tayari na tunaliita chujio.

*Matundu.* Kwa kawaida ni kati ya namba 18 na 30, na huwezi kuyabadilisha. Hesabu kwa futi, maana mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kutofautiana mno. Yapo pia yenye wavu wa tabaka mbili, mnene na mwembamba. Hayo ni ya supu na juisi, kwa unga yanakwama.

*Wingi na kasi.* Unga hukusanyika kwenye kitako cha bakuli lake na kupita sehemu hiyo tu. Kwa vikombe viwili au vitatu hutaona shida. Kwa kilo mbili kiwiko kitakukumbusha.

*Mikono na fujo.* Hapa ndipo ninapolipenda. Shika mpini kwa mkono mmoja, gonga ukingo kwa vidole vya mkono wa pili, au liegemeze kwa masikio yake na ukoroge unga taratibu kwa kijiko. Kwa mkate wa mayai, ambao kwa wengi wetu hauna bekingi pauda na unategemea hewa ya mayai peke yake, unaweza kunyunyiza unga mafungu matatu juu ya povu, ukageuza kwa mwiko kati ya fungu na fungu. Lishike kiganja kimoja juu ya povu, si juu kabisa kama watu wa televisheni. Urefu ule unapamba video na kupaka unga kabati.

*Usafi na kutu.* Rahisi kuliko yote, isipokuwa pale wavu unapoingia kwenye pete. Pitisha brashi ya meno ya zamani. Onyo moja kwa jiko la pwani: chujio la tui lisiwe chekeche la unga. Mafuta ya nazi hubaki kwenye waya hata baada ya kuosha, unga unayanasa, matundu yanaziba, na keki ya vanila inanukia mchuzi wa samaki. Nunua mawili na ufunge uzi mwekundu kwenye mpini wa moja.

*Kazi nyingine.* Karibu kila kitu: kuosha dengu, kuchuja juisi ya ukwaju, kuchuja krimu ya mayai. Kwa jiko dogo hakuna chombo kinacholipa nafasi yake hivi.

*Linamfaa nani.* Anayeoka keki moja au mbili kwa wiki, anayeanza, mwanafunzi wa chuo mwenye sufuria mbili na jiko la mkaa. Bei ni ya chini hadi ya kati. Shida yake ni mpini: la bei rahisi limeungwa kwa nukta mbili tu za weldi, na linakatika siku ambayo limejaa unga.

Chekeche la kopo

Ni kopo la chuma au plastiki lenye wavu kitakoni. Kuna la kubana, ambalo ukiminya mkono wake springi inasogeza vipande juu ya wavu, na la kuzungusha, lenye mkono wa pembeni na waya unaofagia ndani. Siku hizi yapo pia ya betri.

Nakiri nililinunua kwa sababu lilikuwa zuri kwenye picha. Nimelitumia vya kutosha kulitetea pale linapostahili.

*Matundu.* Mengi yana wavu wa wastani. Ya kubana huwa na tabaka mbili au tatu, na kila tabaka ni mahali pengine pa kuziba. Unga wa ngano mweupe mkavu hupita vizuri. Kakao, ambayo ina mafuta, na aisingi iliyonyonya unyevu wa masika hukwama katikati ya tabaka, usipoweza kuzifikia. Unga wa atta, yaani wa ngano isiyokobolewa, ni balaa: pumba zinabaki ndani, na ukizitupa umebadilisha mapishi bila kujua.

*Wingi na kasi.* Vikombe vitatu hadi vitano kwa mara moja, hapo sawa. La kubana huchosha kiganja, na mwenye maumivu ya vidole aliache kabisa. La kuzungusha ni jepesi zaidi kwa mikono ya aina hiyo.

*Mikono na fujo.* Hapa hakuna linaloligusa. Unga unatoka chini, kwenye eneo dogo, bila vumbi pembeni. La kubana linaacha mkono mmoja huru kabisa, kwa hiyo unaweza kuchekecha moja kwa moja kwenye bakuli huku mashine ya kukorogea ikizunguka. Mengine yana alama za vikombe ubavuni, na kifuniko cha chini kinachozuia unga kumwagika ukiliweka mezani. Watoto wanalipenda. Mpe mtoto wa miaka sita kopo la kuzungusha na umepata msaidizi wa nusu saa.

*Usafi na kutu.* Hapa ndipo linaposhindwa. Maji yakiingia kwenye tabaka na springi, unga uliobaki unageuka gundi, kisha unakauka kuwa saruji. Waya wa ndani unashika kutu mahali usipopaona. Lipige, lipulize, lipanguse kavu, na ukiliosha lizungushe hewani kisha uliache juu ya jiko lenye vuguvugu mpaka likauke. Nililisahau langu kabatini wiki tatu wakati wa masika. Nilipolifungua, wadudu walikuwa wameshafanya ukoo kati ya wavu wa kwanza na wa pili.

*Kazi nyingine.* Hakuna ya maana. Kunyunyiza aisingi juu ya keki, labda.

*Linamfaa nani.* Anayeoka mara kwa mara kwa unga mweupe, asiyependa kufuta meza, mwenye jiko kavu na subira ya kulisafisha. Na anayeoka na watoto. Bei huwa ya kati na kuendelea.

Mengine matatu kwa ufupi

Waya wa kupigia mayai si chekeche, lakini kwa kazi moja unalishinda: kuchanganya. Unga, chumvi na bekingi pauda vikipitishwa mara moja kwenye wavu vinashuka kwa tabaka, havichanganyiki sawasawa. Vikoroge vikavu kwa waya nusu dakika baada ya kuvichekecha. Kwa maandazi na chapati, kama unga ni safi, waya peke yake unatosha, maana mikono itakanda kila kitu hata hivyo.

Chujio la chai lipo nyumbani kwako sasa hivi. Ni dogo mno kwa unga, lakini kwa kijiko cha soda au pambo la aisingi juu ya keki ni saizi yake hasa.

Neti ya dirisha ndiyo ninayoikataa. Mafundi wengine huikaza kwenye pete na kuiuza kama chekeche. Matundu yake ni kama 16 hadi 18 kwa inchi, kwa hiyo unga utapita na mdudu mkubwa atabaki. Lakini neti nyingi za kisasa ni nyuzi za kioo zilizopakwa plastiki, na nyuzi hizo zikivunjika zinaingia kwenye chakula. Ukiona waya unaokunjika kama kitambaa na haung'ai, acha.

Kikombe kimoja, uzito wa aina mbili

Kuna mtego ambao chekeche lolote litakutia usipoangalia. Kikombe cha mililita 240 kikichovywa moja kwa moja kwenye mfuko wa unga hubeba gramu 145 hivi. Kikombe hichohicho kikijazwa unga uliochekechwa hubeba kama gramu 115. Kwa mapishi ya vikombe vitatu, tofauti ni gramu 90, zaidi ya robo tatu ya kikombe cha unga uliochekechwa. Keki yako kavu ya wiki iliyopita huenda ilianzia hapo.

Kwa hiyo soma mapishi kwa makini. "Vikombe vitatu vya unga uliochekechwa" maana yake chekecha, kisha pima. "Vikombe vitatu vya unga, uchekeche" maana yake pima, kisha chekecha. Mwenye mizani amepona: gramu 350 ni gramu 350, kabla na baada.

Kuhusu wadudu, neno moja. Mdudu mwekundu wa unga ana milimita tatu hadi nne, na chekeche lolote kati ya haya litamkamata. Mayai yake hayafiki milimita moja, yananata na kujipaka unga, na yanapita kwenye wavu wa jikoni. Ukishamwona mmoja, kuchekecha kunakupa unga usio na wadudu leo tu. Nyumbani kwangu unga mpya huingia friza siku nne kwanza, kisha ndoo yenye kifuniko. Ukikuta nyuzi kama utando wa buibui au harufu ya ukali, mpe kuku.

Kulingana na hali yako

Unaoka keki moja mwisho wa wiki, jiko dogo, unga wa dukani: chukua la mpini, namba 20 hadi 30, lenye masikio, upana wa sentimita 18 au 20. Jaribu mpini kwa kuukunja kidogo mbele ya muuzaji. Akikasirika, nenda duka la pili.

Unauza maandazi, vitumbua au mikate kwa kilo: la duara la stenlesi, sentimita 30, na sinia pana. Unga wa kupima kutoka kwenye magunia ndio hasa wenye nyuzi za kiroba, kwa hiyo usiruke hatua hii hata ukiwa umechelewa.

Unatengeneza vileja, mkate wa kumimina au chochote cha unga wa kutwanga: la duara lenye nyavu za kubadilisha. Anza na namba 20 kuondoa chenga kubwa, malizia na 40. Unga ukiwa na unyevu mwingi na kuziba wavu, usisukume; uanike kidogo kwanza.

Unatumia atta au unga usiokobolewa kwa sababu daktari au mwenyewe umetaka nyuzinyuzi: wavu mpana, namba 16 hadi 20, wa duara au wa mpini, na pumba zote zinazobaki juu zirudishe kwenye bakuli ukishazikagua. Kopo likae kando.

Kazi yako kubwa ni mapambo, aisingi na kakao: la mpini au la duara namba 30 hadi 40. Kama unaishi Mombasa, Zanzibar au popote penye joto la bahari, weka aisingi kwenye chombo kinachobana, na ponda mabuje kwa mgongo wa kijiko kabla hujayapeleka kwenye wavu.

Una watoto wanaotaka kusaidia, au mkono mmoja uko kwenye mashine ya kukorogea kila wakati: kopo. La kuzungusha kwa watoto, la kubana kwa wewe. Unga mweupe tu, na lilale kavu.

Na kama keki ni ya leo jioni na huna chekeche lolote: pima unga kwa mizani, ukoroge kwa waya mpaka ulegee, utazame vizuri kwenye mwanga, kisha pitisha soda na bekingi pauda kwenye chujio la chai, ukisugua kwa kitako cha kijiko. Ile keki ya akika ilihitaji hilo tu, na chujio la chai lilikuwa linaning'inia ukutani.